Tisa kwa Tatu, na Bado Tunagombana

Usiku wa tarehe 1 Novemba 2016, mjini Cleveland, timu ya besiboli ya Chicago Cubs ikiwa mbele 7–2, kocha wao Joe Maddon alitoka benchini, akavuka nyasi taratibu hadi kwenye kilima cha mrushaji, akaagiza aletwe mrushaji Aroldis Chapman. Zilikuwa zimebaki auti saba, yaani wapigaji saba wa kutolewa, mchezo uishe. Baadaye Cubs waliongeza pointi mbili, wakashinda 9–3, na upande wote wa kaskazini wa Chicago ukalala ukicheka. Mimi nililala nimenuna.

Najua inavyosikika. Timu yako imepata pointi tisa katika mechi ambayo ikipotea msimu umekwisha, halafu unanuna! Lakini sikuwa peke yangu. Kesho yake asubuhi, redioni, ndani ya treni, kazini ghalani, kila aliyevaa kofia ya bluu alikuwa na la kusema, na walichokisema hakikuwa juu ya Addison Russell, kijana wa miaka 22 ambaye pointi sita kati ya tisa zilitoka kwenye fimbo yake. Walikuwa wanamzungumzia Chapman. Kwa nini aliingia? Kwa nini aliingia mapema vile? Na juu ya yote, kwa nini alirudi kilimani awamu ya tisa?

Kwa msomaji ambaye besiboli ni jambo la kwenye sinema, nieleze kidogo tu. Kocha mkuu huku huitwa meneja, na mchezo ukishaanza kazi yake kubwa ni moja: nani arushe mpira, na aondolewe lini. Wapigaji huja kwa zamu iliyoandikwa tangu mwanzo, hawezi kuwapindua apendavyo. Mrushaji ndiye anayebadilishwa wakati wowote, na akishatoka harudi. Kila timu ina mrushaji wa kuanza, ambaye hutegemewa kwa awamu tano, sita, saba hivi kati ya tisa. Nyuma yake kuna kundi la akiba linalopasha misuli pembeni ya uwanja likingoja simu kutoka benchini (ndiyo, simu kabisa, ya waya, imetundikwa ukutani). Wa mwisho katika kundi hilo ni mmaliziaji. Kwa desturi huyu huja awamu ya tisa, timu ikiongoza kwa pointi moja, mbili au tatu, anarusha mara kumi na tano au ishirini kwa nguvu zake zote, anafunga mlango, watu wanaenda nyumbani. Anaweza kutumia nguvu zote kwa sababu anarusha kidogo. Kesi yangu yote dhidi ya Maddon imejengwa juu ya sentensi hiyo moja.

Chapman alikuwa mmaliziaji kuliko wamaliziaji wote. Mcuba, mrefu, anarushia mkono wa kushoto. Mwaka 2010, akiwa na Cincinnati, mpira wake mmoja ulipimwa maili 105.1 kwa saa, yaani karibu kilomita 169. Cubs walimchukua kutoka New York Yankees mwezi Julai 2016 kwa kuwatoa wachezaji wanne, mmoja wao Gleyber Torres, kijana aliyekuwa akitajwa kuwa nyota wa kesho. Na tuseme ukweli wote: wengi wetu hatukumshangilia kwa moyo mweupe. Mwanzoni mwa msimu huohuo ligi ilikuwa imemsimamisha mechi 30 chini ya sera yake mpya kuhusu ukatili wa majumbani, ingawa hakushtakiwa mahakamani. Mke wangu alikataa kuangalia akiwa kilimani. Alikuwa anakwenda jikoni, anarudi akisikia kelele.

Sasa, Cubs walikuwa hawajachukua ubingwa tangu 1908. Miaka mia moja na minane. Watu walizaliwa, wakawa mababu, wakazikwa na kofia zao. Mwaka 2016 walishinda mechi 103 katika msimu wa kawaida, wakaingia World Series, fainali ya ubingwa, dhidi ya Cleveland, waliokuwa bado wanaitwa Indians (leo ni Guardians), na haraka wakajikuta nyuma mechi tatu kwa moja. Mshindi ni wa kwanza kufikisha nne. Kuanzia hapo, kila mechi ilikuwa ya kufa au kupona.

Mechi ya tano ilichezwa Wrigley Field, Jumapili tarehe 30 Oktoba. Cubs waliongoza 3–2. Awamu ya saba, auti moja, Maddon akamwita Chapman. Auti nane zilibaki, na Chapman akazichukua zote nane, kwa mirusho 42. Hakuwahi kuokoa mchezo, yaani kulinda uongozi hadi mwisho, kwa muda mrefu namna ile maishani mwake. Hakuna aliyelalamika, hata mimi. Pointi moja tu mbele, ukipoteza unakwenda nyumbani; ungemtunza ili umtumie wapi? Jumatatu walisafiri. Jumanne ikawa mechi ya sita.

Na mechi ya sita ilianza kama zawadi. Awamu ya kwanza, auti mbili tayari, Kris Bryant akaupiga mpira nje ya uwanja. Rizzo akapiga, Zobrist akapiga, kisha Russell akapiga mpira wa juu, wa kawaida kabisa, ambao walinzi wawili wa Cleveland waliukimbilia, wakatazamana, ukaanguka katikati yao. Tatu bila. Awamu ya tatu vituo vyote vitatu vikiwa na watu, Russell akaja tena na safari hii hakumtegemea mtu kuteleza: homurani, mpira nje ya uwanja, watu wanne wakaingia nyumbani kwa mpigo. Saba bila. Jake Arrieta akaendelea kurusha vizuri, akawatoa wapigaji tisa kwa mipira waliyoikosa, na ingawa Cleveland walipata pointi moja awamu ya nne na nyingine ya tano, hakuna aliyekuwa na wasiwasi wa kweli. Arrieta alipotoka awamu ya sita, akaingia Mike Montgomery, naye wa mkono wa kushoto. Likumbuke jina hilo.

Awamu ya saba, auti mbili, Cleveland wana wakimbiaji wawili vituoni, na anayekuja kupiga ni Francisco Lindor. Maddon akatoka.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alikulia Tanga akipenda Coastal Union, na alipofika Chicago alihitaji kitu cha kumkasirisha kwa kiwango kilekile, akaipata Cubs. Mechi nyingi huzisikiliza barabarani, Pat Hughes akitangaza, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayebishana na redio kwa Kiswahili. Usiku ule alikuwa amepaki lori kituo cha mafuta huko Indiana asije akakosa mrusho hata mmoja. Alinipigia Chapman akiwa bado anatembea kuelekea kilimani.

"Shem, unaona? Huyo ndiye meneja. Tahadhari kabla ya hatari."

"Shem, hatari iko wapi? Tuko mbele tano!"

"Wawili wako vituoni. Lindor akipiga nje, ni saba kwa tano, na ni kwao. Uwanja utachangamka. Unataka uione hatari mpaka ikuume?"

"Akiba haiozi, shem. Kesho kuna mechi."

"Kesho kuna mechi ukishinda leo. Akiba ya kesho ni ya mwenye kesho."

Nakiri hapo alinifunga mdomo kwa muda, maana ndiyo hoja bora ya upande wake na sijasikia nyingine iliyoipita, hata kutoka kwa wachambuzi wanaolipwa. Ndiyo pia iliyokuwa hoja ya Maddon mwenyewe alipoulizwa baada ya mchezo: wapigaji wa katikati ya safu, wale hatari, ndio waliokuwa wanakuja, na aliona mchezo ungeweza kugeuka pale pale.

Lakini ifuate hoja hiyo hadi mwisho wake uone inapokupeleka. Tuseme Maddon anamwacha Montgomery, au anamleta mwingine, na Lindor anafanya lile baya kuliko yote, anapiga nje. Inakuwa 7–5. Bado unaongoza. Bado zimebaki auti saba. Na Chapman bado yuko pembeni, hajarusha hata mmoja. Hapo sasa ndipo unamwita, na mimi ningekuwa wa kwanza kupiga makofi. Yaani katika besiboli, ukiongoza kwa tano huwezi kuanguka kwa pigo moja. Sheria hazina pigo la pointi tano. Kabla ya kufa utaugua, na ukiugua dawa ungali nayo kabatini. Maddon alimeza dawa kwa kuogopa homa.

Kwa nini hakuwaamini wengine? Hili linastahili kusemwa, kwa sababu watu waliomwita mjinga walilipuuza. Kabla Chapman hajafika, mmaliziaji wa Cubs alikuwa Hector Rondon, na kabla yake Rondon alikuwepo Pedro Strop wa kuwashika wapigaji awamu ya nane. Wawili hao waliumia mwezi Agosti, Strop goti, Rondon msuli wa mkono, na waliporudi hawakuwa walewale. Kufika Oktoba Maddon alikuwa na kundi la akiba lenye majina mengi na imani kwa mtu mmoja. Carl Edwards Jr. alikuwa mchanga. Travis Wood alitumika kwa mpigaji mmoja mmoja. Kwa hiyo kosa, kama ni kosa, halikuanzia awamu ile ya saba. Lilianza wiki kadhaa nyuma, alipoacha kuwapa wengine nafasi ya kurudisha imani yake.

Chapman aliingia. Lindor akapiga mpira wa chini kuelekea kituo cha kwanza, na Chapman, jitu lile lenye miguu ya twiga, akalazimika kukimbia kwenda kukanyaga kituo mwenyewe. Mwamuzi akasema Lindor amewahi. Wakaangalia marudio, wakabatilisha: auti. Nilipomwona akikimbia vile nilishika kichwa. Mkono wenye thamani kuliko yote Chicago unakimbia mbio za mita ishirini katika mchezo ambao tumeshaushinda.

Awamu ya nane akaimaliza bila madhara. Hadi hapo, kwa moyo mgumu, ningeweza kusamehe. Shemeji ana haki yake katika awamu ya saba. Sikubaliani naye ila namwelewa.

Awamu ya tisa ndiyo siielewi mpaka leo. Cubs walipiga kwanza, wakiwa wageni. Auti mbili, kisha Anthony Rizzo akapiga homurani ya pointi mbili. Tisa kwa mbili. Pointi saba mbele, auti tatu zimebaki. Kamera ikageuka, na nani anatembea kwenda kilimani? Chapman. Nilimpigia shemeji mimi mwenyewe safari hii.

"Haya, mtetee."

Kimya. Nasikia injini.

"Labda mwingine hajapasha misuli," akasema.

Ni kweli kwamba homurani ya Rizzo ilikuja auti mbili zikiwa tayari zimepatikana, na muda wa kumwandaa mrushaji mwingine kuanzia hapo ni mfupi. Sawa. Ila mrushaji wa pili anapashwa misuli kabla, tangu mwanzo wa awamu, kwa sababu 7–2 nayo haikuwa njaa! Chapman akamkabili Brandon Guyer, akampa kituo cha bure, na hapo hapo akatolewa. Mpigaji mmoja. Akaingia Strop, yuleyule ambaye angeweza kuanza awamu. Guyer akafika nyumbani, ikawa 9–3, na Wood akamaliza. Pointi ile ya tatu iliandikwa kwa jina la Chapman.

Mirusho 20. Shemeji huirudia namba hiyo kama mtu anayeonyesha risiti: ishirini tu, shem, ishirini ni nini? Lakini hesabu ya mirusho inahesabu ile ya mchezoni tu. Haihesabu ile ya pembeni ya kupasha misuli, wala ile ya kilimani kabla ya kila awamu. Haihesabu kukaa benchini mwili ukipoa huku wenzako wanapiga, halafu unainuka kuuwasha upya, mara tatu usiku mmoja: ya saba, ya nane, ya tisa. Mmaliziaji hajajengwa kwa kazi hiyo. Ameandaliwa kuwaka mara moja. Na huyu alikuwa ametoka kurusha 42 siku mbili kabla.

Upande wa kaskazini wa Chicago tuna sababu yetu ya kuwa na kichaa juu ya mikono ya watu, na sababu hiyo inaitwa Mark Prior. Mwaka 2003 alikuwa na umri wa miaka 23 na ushindi 18 msimu ule, na wazee wa Wrigley waliapa hawajaona mtu anarusha kwa wepesi vile. Cubs walifika fainali ya ligi yao dhidi ya Florida Marlins. Mechi ya pili, tarehe 8 Oktoba, ilikuwa sherehe: baada ya awamu tano Cubs walikuwa mbele kumi na moja bila. Kumi na moja! Meneja Dusty Baker akamwacha Prior aendelee. Akarusha awamu saba, mirusho zaidi ya 110, katika mchezo ulioisha 12–3. Mimi sikuwa Chicago wakati huo, lakini nimesimuliwa mechi hiyo na watu wengi kuliko waliosimuliwa harusi yangu. Mzee mmoja kazini, Mpuerto Rico aliyekulia Humboldt Park, anasema alisimama mbele ya televisheni akipiga kelele "Mtoeni mtoto!" wakati majirani wanacheza.

Siku sita baadaye, mechi ya sita, Prior alikuwa kilimani tena, Cubs mbele 3–0, auti tano tu waende World Series. Kila mtu anakumbuka shabiki mmoja aliyenyoosha mkono kuugusa mpira uliokuwa unashuka kwenye jukwaa, na maisha ya mtu yule yakaharibiwa bure. Wachache wanataja kwamba Prior alikuwa amechoka. Alitoka na mirusho 119, Marlins wakapata pointi nane katika awamu ile moja, na kesho yake ikaisha. Mechi ya mwisho ya Prior katika ligi kuu ilikuwa Agosti 2006. Alikuwa na miaka 25.

Je, Baker ndiye aliyemmaliza? Prior mwenyewe amekataa kumlaumu hadharani, na katikati ya msimu wa 2003 aligongana vibaya na mchezaji mwingine akaumia bega, kwa hiyo anayetaka kuweka dhambi yote kwenye mirusho ya mechi moja anajirahisishia. Wabaya wetu wa upande wa kusini, mashabiki wa White Sox, hutucheka tukianza habari hizi: mwaka 2005 warushaji wao wa kuanza walimaliza mechi nne mfululizo wenyewe katika fainali ya ligi yao, bila kuhitaji akiba, na wakachukua ubingwa. Kwao mrushaji akirusha anarusha. Ninachosema mimi ni kidogo zaidi ya "Baker alimuua mtu." Nasema kwamba pointi kumi na moja bila ndizo zinazomlaza meneja usingizi. Akiwa nyuma kwa moja anafikiri kila mrusho. Akiwa mbele kwa saba au kumi na moja anaona hakuna anachopoteza kwa kumwacha mtu pale, kwa sababu ubao wa matokeo hauonyeshi mkono wa mtu umebakiwa na nini. Ndiyo maana magomvi mazuri ya besiboli huwa juu ya mechi ambazo timu yako imeshinda kirahisi. Ukipoteza, kila kitu kinalaumiwa pamoja na mvua. Ukishinda tisa kwa tatu, linabaki jambo moja tu la kulaumu na unaliona vizuri.

Mechi ya saba dunia iliiona, kwa hiyo nitaipitia haraka. Maddon alimtoa Kyle Hendricks, mrushaji aliyekuwa na wastani bora kuliko wote wa pointi anazoruhusu katika ligi nzima mwaka ule, baada ya mirusho 63 tu, akiongoza 5–1, kwa sababu alimpa mtu mmoja kituo cha bure. Akamleta Jon Lester kukiwa na mkimbiaji kituoni, jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amesema angependa kuliepuka, kwani Lester alikuwa na tatizo la kurusha kwenye vituo. Kosa moja, mrusho mmoja uliompita mdakaji, pointi mbili. Hata hivyo David Ross, mdakaji wa miaka 39 katika mechi yake ya mwisho, akapiga homurani, na ilipofika awamu ya nane, auti mbili, ilikuwa 6–3 na mtu mmoja kituoni. Akaitwa Chapman.

Siku ya nne, mechi ya tatu. Guyer akapiga mpira uliomfikisha kituo cha pili, 6–4. Kisha akaja Rajai Davis, ambaye hakuwa anatishia mtu kwa nguvu, ameshika fimbo juu juu, karibu na katikati, ili aizungushe haraka. Katika siku zake Chapman angempita kwa kasi tu. Usiku ule mipira haikuwa na kasi yake ya kawaida. Davis akaendelea kuigusa, mmoja, mwingine, mwingine, halafu mmoja ukaondoka chini chini ukavuka uzio wa kushoto. Sita kwa sita.

Simu yangu ililia. Sikupokea. Kuna mambo mtu hapaswi kuambiwa na shemeji yake.

Yaliyofuata mnayajua. Chapman, na hili lazima apewe, alirudi awamu ya tisa akiwa hana kasi tena na bado akawatoa watatu mfululizo kwa ujanja. Mvua ikasimamisha mchezo dakika 17. Jason Heyward akawaita wenzake chumba cha mazoezi akazungumza nao. Awamu ya kumi Ben Zobrist akapiga, Miguel Montero akapiga, 8–6. Davis huyohuyo akaleta moja, 8–7. Na wa kuchukua auti ya mwisho ya miaka 108 alikuwa nani? Mike Montgomery, yule aliyetolewa usiku uliotangulia ili Chapman aingie, mtu ambaye hakuwa ameokoa mchezo hata mmoja katika ligi kuu mpaka dakika ile. Mrushaji mshindi rasmi kwenye karatasi aliandikwa Chapman. Taratibu za besiboli zina ucheshi wake.

Mirusho yake katika mechi tatu: 42, 20, 35. Jumla 97, kwa siku nne.

Shemeji anasema matokeo yamefunga mjadala. Kombe liko kabatini. Mimi nasema kombe limefunga mjadala wa nani bingwa, basi. Mwezi Desemba, Chapman alipotambulishwa tena na Yankees kwa mkataba wa miaka mitano na dola milioni 86, waandishi walimuuliza. Alijibu kwamba hakukubaliana na namna alivyotumiwa, hasa ile mechi ya sita, kwa kuwa pengo lilikuwa kubwa. Lakini meneja ndiye meneja, yeye kazi yake ni kuwa tayari. Nilimtumia shemeji habari hiyo bila kuongeza neno. Akanijibu kwa picha ya Chapman ameshika kombe.

Ana jibu jingine, na hili ni zito zaidi ya picha: mkono haukuharibika. Chapman alichukua ubingwa tena na Texas mwaka 2023, na mwaka 2025, akiwa na miaka 37, alikuwa bado miongoni mwa wamaliziaji bora kabisa, safari hii Boston. Ningependa kumwambia hilo halihusu, na kwa kweli halihusu, kwa kuwa sikuwahi kulia juu ya mwaka 2025. Nililia juu ya kesho yake, tarehe 2 Novemba, na kesho yake ilinipa haki. Lakini ukibishana na mtu wa Tanga jiandae kusikia "Si bado anarusha?" mpaka uzee.

Vuli ya mwaka 2025 ikampa silaha mpya. World Series, Los Angeles Dodgers dhidi ya Toronto, mechi ya sita, mrushaji wa Dodgers Yoshinobu Yamamoto akarusha mirusho 96. Usiku uliofuata, mechi ya saba, meneja wao Dave Roberts akamtoa tena kwenye akiba, akarusha awamu mbili na theluthi mbili, mirusho 34, akawa bingwa. Shemeji alikuwa na furaha utadhani yeye ndiye aliyemzaa. Nimemweleza kwamba hiyo ilikuwa mechi ya saba: nyuma yake hakuna kitu, na mahali pasipo na kesho, mtumie mtu mpaka kucha. Kisha nikamkumbusha mechi ya sita ya Dodgers haohao ilivyoisha. Toronto walikuwa na watu kituo cha pili na cha tatu, hakuna auti hata moja, pengo ni pointi mbili tu. Roberts akamwita Tyler Glasnow, akapata auti tatu kwa mirusho mitatu, na Glasnow akabaki na mkono wa kesho yake, akarusha tena. Ile ilikuwa hatari ya kweli na bado walitumia mitatu.

Na kocha wa warushaji wa Dodgers, aliyekaa karibu na Roberts usiku wote ule akihesabu, ni Mark Prior. Hilo shemeji bado hajalijibu. Amesema atalijibu akitoka Nebraska.